Virusi Havisubiri PF3

Muulize mtu yeyote mtaani, mjumbe, mwalimu wa zamu, dereva wa bodaboda, mama wa jirani, mzazi afanye nini akigundua kwamba mtoto wake amebakwa au amelawitiwa. Jibu halichelewi: nenda polisi kwanza, chukua PF3, ndipo umpeleke hospitali. Viongozi wanasema hivyo kila Novemba zinapoanza Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Watangazaji wanasema hivyo. Hata baadhi ya wahudumu wa mapokezi wanasema hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayesoma sheria ukutani: mama, bila PF3 huyu mtoto hatuwezi kumgusa.

Wengi wao wana nia njema. Wamechoka kuwaona wabakaji wakirudi mtaani wiki mbili baada ya kukamatwa, wakaamini kwamba karatasi ile ndiyo kamba ya kumfungia mhalifu, kwa hiyo lazima itangulie. Mimi nasema mpangilio huo unawaachia watoto VVU ambavyo vingeweza kuzuiwa, na kesi zenyewe hauziokoi. Nitazipitia hoja zao, lakini nianze na kitu wanachokipuuza kuliko vyote, nacho ni saa.

Virusi vya UKIMWI vikipita kwenye utando uliochanika havijai mwilini papo hapo. Kwa muda vinabaki karibu na pale vilipoingilia, vikiwa vimeshika seli chache. Kisha vinabebwa hadi kwenye tezi za limfu, vinazaliana, vinasambaa, na mwishowe vinajificha ndani ya seli ambamo hadi leo hakuna dawa inayoweza kuvifuta. Dawa kinga wanayoiita PEP inafanya kazi ndani ya upenyo huo mdogo tu. Ni dawa za familia ileile anayomeza mtu anayeishi na VVU, zinamezwa kwa siku 28, ila hapa zinawahi kabla virusi havijapata maficho. Zikichelewa, mtoto huyohuyo atakuja kuzimeza maisha yake yote.

Muda huo haukukisiwa. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Che-Chung Tsai walichapisha matokeo ya tumbili wa maabara waliodungwa SIV, ndugu wa VVU. Walioanzishiwa tenofovir saa 4 au saa 24 baadaye na kuendelea nayo kwa wiki nne hawakuambukizwa. Mwaka 1998 kundi hilohilo lilichapisha jaribio jingine ambamo dozi ya kwanza ilicheleweshwa kwa makusudi hadi saa 48, na wengine hadi saa 72. Kinga ikalegea. Ikalegea pia kwa wale waliopewa dawa kwa siku 3 au 10 badala ya 28. Kwa binadamu hakuna jaribio la kuwagawa waliobakwa makundi mawili, hawa wapewe dawa na wale wapewe vidonge vitupu, na hakuna kamati ya maadili itakayoliruhusu. Ila tunao wahudumu wa afya waliochomwa na sindano zenye damu ya wagonjwa: utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba kwa waliomeza zidovudini uwezekano wa kuambukizwa ulishuka kwa asilimia 81.

Kwa hiyo saa 72 zinazotajwa kwenye miongozo ni mwisho kabisa wa muda. Mtu akisikia 72 anawaza siku tatu, anaona nafasi ya kufika kwa mwenyekiti, kulala, kuamka na kufika polisi. Dawa haihesabu hivyo. Kila saa inayopita inapunguza kitu, na anayefika saa ya 70 amefika akiwa na kinga iliyochakaa.

Tuhesabu wikiendi moja. Mtoto wa miaka sita anaumizwa Ijumaa saa kumi jioni na mtu anayemfahamu. Ametishwa, hasemi. Jumamosi saa mbili asubuhi mama anamwogesha, mtoto analia, mama anaona. Saa 16 zimekwisha. Mama anampigia shangazi, shangazi anampigia baba, baba anataka kwanza kumsikia huyo anayetuhumiwa. Mchana wako kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anawaandikia barua. Jioni wako kituoni. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto hayupo hadi siku ya kazi. Aliyepo kaunta anawafungulia RB, namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi, kisha anasema fomu zimekwisha, au mwenye mhuri ametoka, njooni kesho. Jumapili fomu inapatikana. Kituo cha afya kinawapokea saa kumi jioni, tabibu anamchunguza mtoto, anajaza, anasema dawa zenyewe ziko CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na CTC inafunguliwa kesho. Saa 48. Jumatatu CTC ina foleni ya watu waliokuja kuchukua dawa zao, mama hajui aseme nini mbele ya halaiki, na akimfikia mshauri nasaha anaambiwa mtoto apimwe kwanza, ila mtu wa maabara yuko kwenye kikao. Ikigonga saa kumi jioni, muda umekwisha. Na hakuna hata mmoja katika msururu huo aliyevunja utaratibu.

Mfano huo nimeutunga mimi. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mapokezi aniambie ni kipande gani hakijui.

Mtoto akiumwa na mbwa tunajua la kufanya. Tunaosha kidonda kwa maji na sabuni, tunakimbilia chanjo ya kichaa cha mbwa, na kesi ya mwenye mbwa inafuata tukisharudi. Hakuna anayemwambia mama akalete kwanza karatasi inayothibitisha kwamba mbwa aliuma. Kwa nini mtoto aliyebakwa atendewe kwa ukali kuliko aliyeng'atwa?

Wanajibu: kwa sababu hii ni jinai, na bila PF3 kesi inakufa. Hapa ndipo penye mzizi wa yote, kwa hiyo tukae kidogo.

PF3 ni Fomu ya Polisi Namba 3. Ukiisoma utaona ni ombi: polisi wanamwomba daktari amchunguze mtu na aandike alichokiona. Anayeomba ni polisi na anayeombwa ni daktari. Mahali fulani njiani ombi likageuzwa kibali, na mgonjwa, ambaye jina lake limo tu kama anayechunguzwa, akageuzwa mwombaji. Karatasi iliyobuniwa ili daktari awasaidie wapelelezi sasa inatumika kumzuia daktari kumsaidia mgonjwa.

Na huko mahakamani inakofanyiwa safari yote hii, inatendewaje? Anayefuatilia rufaa za makosa ya kujamiiana anaujua mwisho wake. Mara kwa mara inafutwa kwenye kumbukumbu. Inafutwa kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kumwita daktari aliyeijaza, haki iliyozoeleka kwa jina la kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Inafutwa kwa sababu ilipokelewa kuwa kielelezo lakini haikusomwa kwa sauti. Ikishafutwa, majaji wanauliza kama ushahidi uliobaki unatosha, na mara nyingi wanakuta unatosha, kwa sababu uliobaki ni maneno ya mtoto mwenyewe. Katika kesi ya Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, iliyomo katika ripoti za sheria za mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji ni ule unaotoka kwa aliyebakwa. Wakili yeyote wa jinai ameinukuu au imenukuliwa dhidi yake. Bunge nalo lilikwisha kufungua mlango kabla ya hapo: sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, SOSPA, ilirekebisha Sheria ya Ushahidi ili mahakama ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli, iweze kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo peke yake.

Sisemi ripoti ya daktari haina kazi. Ina kazi kubwa, hasa pale mtoto ni mdogo kiasi cha kutoweza kueleza. Ninachosema ni kwamba thamani yake iko kwenye alichokiona daktari, na daktari anaona zaidi akimwona mtoto mapema. Tabibu anayempokea mtoto Jumamosi asubuhi, akamchunguza, akaandika kila kitu kwenye faili, akampa dawa, kisha akawaita polisi, ana ushahidi bora kuliko yule anayemwona Jumapili jioni akiwa na fomu yenye mhuri mzuri. Fomu inaweza kujazwa baadaye kutoka kwenye faili. Mchubuko uliokwisha kupona haujazwi kutoka popote.

Kuna utafiti unaopaswa kubandikwa kwenye kila kaunta ya polisi. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Philadelphia walichapisha uchambuzi wa watoto 273 wa chini ya miaka kumi waliofikishwa hospitali baada ya kudhulumiwa kijinsia. Kwa waliokutwa na ushahidi wa kimaabara, zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamefika ndani ya saa 24. Kwenye pamba zilizopangusiwa mwili, mbegu za kiume hazikuonekana tena baada ya saa 9, wala damu baada ya saa 13. Sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwenye nguo na mashuka, vitu ambavyo kwa watoto wengi havikuchukuliwa kabisa. Maana yake kwetu ni hii: safari ya kufuata PF3, inayofanywa kwa jina la ushahidi, ndiyo inayouacha ushahidi ufe barabarani. Mama anayetaka kusaidia upelelezi asizifue nguo za mtoto, aziweke kwenye mfuko wa karatasi, aende nazo hospitali. Mfuko wa plastiki unashika unyevu na kuozesha. Maelekezo hayo mafupi yangewafaa polisi kuliko barua zote za wenyeviti wa mitaa.

Wakenya wamelipanga hili kwa njia nyingine. Hospitali zao zina fomu ya huduma baada ya kubakwa, PRC, inayojazwa hospitalini na mhudumu wa afya katika nakala tatu: ya kwanza inakwenda polisi, ya pili kwa mgonjwa, ya tatu inabaki hospitali. P3 ya polisi ipo pia na inajazwa, lakini karatasi ya kwanza inaanzia pale penye dawa. Sidai kwamba Kenya mambo yote ni shwari, maana mtu akitaka kudai chai kwenye kaunta hashindwi na fomu. Nasema tu kwamba wao wameonyesha inawezekana kuanzia hospitali bila mahakama kuanguka.

Na sisi wenyewe tumekwisha kukiri jambo hilo, kwa sauti ya chini. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vilivyoanza Zanzibar na baadaye kufunguliwa Bara, vimejengwa juu ya wazo kwamba polisi, daktari na ofisa ustawi wa jamii wamfuate mtoto chumba kimoja, ndani ya hospitali. Mahali kilipo na kinapofanya kazi, mabishano haya hayana maana. Lakini mtoto wa kata ya mbali hafiki kwanza Mkono kwa Mkono. Anafika kwenye zahanati, na pale zahanati anasubiriwa na kauli ileile ya zamani.

Baada ya polisi kwanza inakuja pima kwanza. Hii ni fupi kuijibu. Kumpima mtoto siku ile kunatueleza kama alikuwa na VVU kabla ya tukio, basi. Virusi vilivyoingia jana havionekani leo kwenye kipimo chochote cha zahanati, ndiyo maana anapimwa tena baadaye, na jibu la miezi mitatu ndilo la kutegemewa. Kipimo cha kwanza kinafaa na kifanyike, lakini dozi ya kwanza haina haja ya kukisubiri. Mtoto akikutwa tayari anaishi na VVU, dozi moja haijamharibia kitu, na anaingizwa kwenye tiba siku hiyohiyo. Wapo pia wanaotaka mtuhumiwa apimwe kwanza. Mtuhumiwa amekimbilia kwa mjomba wake mkoa mwingine. Tutamsubiri hadi lini? Akikamatwa na kukutwa hana, dawa inaweza kusimamishwa kwa ushauri wa daktari, ingawa naye anaweza kuwa ameambukizwa karibuni na kipimo kisimwone. Kuanza na kusimamisha ni rahisi. Kurudi nyuma saa 72 hakuwezekani.

Halafu kuna dawa kali. Bibi anasema, huyu mtoto ana kilo kumi na tano, mnampa sumu za wagonjwa? Woga huu haukutoka hewani. Miaka ya karibu na 2000 watu wazima waliopewa nevirapini kama PEP walipata madhara mabaya ya ini, na wengine waliomeza zidovudini pamoja na dawa za kundi jingine walitapika hadi wakaacha. Leo hali ni nyingine. Tangu mwishoni mwa 2020 kuna kidonge cha dolutegravir cha watoto, miligramu 10, kinachoyeyushwa kwenye maji kidogo. Kinatolewa kwa kufuata uzito, kwa mtoto kuanzia wiki nne na kilo 3. Akifika kilo 20 anaweza kumeza cha mtu mzima cha miligramu 50. Zinaongezwa dawa mbili nyingine, nazo zipo za kuyeyushwa. Kichefuchefu kinaweza kuja, usingizi unaweza kuvurugika, lakini hizo ni shida za wiki nne.

Isitoshe, wanaoogopa kumpa dawa mtoto wa miaka sita wanasahau wanachoshuhudia kila siku kwenye wodi za wazazi. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anapewa nevirapini ya maji ndani ya saa chache tangu kuzaliwa, kisha kila siku kwa wiki kadhaa. Hiyo nayo ni kinga baada ya kuguswa na virusi, na dalili kubwa ya kwamba inafaa ilitoka jirani: mwaka 1999 utafiti wa HIVNET 012, uliofanyika hospitali ya Mulago, Kampala, ulionyesha kwamba dozi moja kwa mama na moja kwa mtoto ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ikilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Hakuna muuguzi wa wodi ya wazazi anayeomba karatasi ya mtu ndipo ampe mtoto mchanga dawa. Mtoto huyohuyo akikua, akaumizwa, ghafla kinga inahitaji mhuri.

Tusidhani ukaidi wa kiofisi ni wa kwetu peke yetu. Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000, wafanyakazi wa kujitolea wa shirika la GRIP huko Nelspruit, lililoanzishwa na Barbara Kenyon, walikuwa wakiwapa waliobakwa dawa kinga ndani ya hospitali za serikali, dawa walizozitafutia fedha wenyewe. Waziri wa afya wa jimbo la Mpumalanga, Sibongile Manana, aliwapiga vita akitaka waondolewe. Daktari Thys von Mollendorff, msimamizi wa hospitali ya Rob Ferreira, alifukuzwa kazi mwaka 2002 kwa kuwaruhusu. Mwezi Aprili mwaka huohuo baraza la mawaziri la nchi hiyo likatangaza kwamba waliobakwa watapewa dawa hizo katika hospitali za umma. Na sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa aliyeumizwa njia mbili ndani ya saa 72: afungue mashtaka polisi, au ajieleze kwenye kituo cha afya kilichoteuliwa. Walijifunza kwa gharama kwamba kaunta ya polisi haifai kuwa mlango pekee.

Hoja ya nne nimeisikia hata kwa watu waliosoma: uwezekano wa kuambukizwa kwa tendo moja ni mdogo, kwa nini taharuki yote? Kweli, makadirio yanayotumika sana yanasema tendo moja la kupitia ukeni na mtu mwenye VVU linaambukiza mara 8 hivi katika 10,000. Lakini takwimu hizo ni za watu wazima. Mwili wa mtoto unachanika, na kuchanika ndiko kunakofungua njia. Kwa anayeingiliwa kinyume cha maumbile makadirio yanaruka hadi 138 katika 10,000, zaidi ya mara kumi na tano, tena bila kuhesabu nguvu na majeraha. Kundi hili la pili lina watoto wa kike, na ndimo walimo pia watoto wa kiume, ambao ndio tunaowasahau. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia wa namna fulani kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana huyo wa saba hayumo kwenye mabango. Baba yake anaona aibu ya kaunta kuliko anavyoogopa VVU, na ukimwambia lazima aanze na kaunta, umemrudisha nyumbani.

Hapo naifikia hoja ambayo naiheshimu. Wanaharakati wanasema: mkiruhusu dawa bila polisi, familia zitachukua dawa, kisha zitakaa kikao, zitapokea ng'ombe au laki tano, na mhalifu ataendelea na mtoto mwingine. Vikao hivyo vipo, na vinatia kichefuchefu. Ila tazama jinsi sharti la PF3 linavyofanya kazi kwa familia ya namna hiyo. Iliyokwisha kuamua kuyamaliza ndani haiendi polisi hata hivyo, na kwa kuwa hospitali inadai polisi, haiendi hospitali pia. Mhalifu anapona, mtoto hapati kitu. Mlango wa hospitali ukiwa wazi, mtoto angalau anafika mbele ya mtu mzima asiye wa ukoo, mwenye faili na simu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mhudumu wa afya hajasamehewa. Mpe dawa, kisha piga simu. Taarifa itoke kwa mhudumu, na mama asifanywe mjumbe wa kubeba karatasi kati ya ofisi mbili zinazolipwa mshahara.

Tena kufika siku ya kwanza ni nusu ya kazi. Uchambuzi wa tafiti 97 uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba kwa jumla walioanza PEP na kumaliza siku 28 ni asilimia 57 hivi, na kwa walioanza baada ya kubakwa ni 40 tu. Kwa vijana walio kwenye balehe walikuwa chini zaidi. Ndiyo maana tangu mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri dawa zote za siku 28 zitolewe siku ya kwanza, badala ya dozi za siku tatu na agizo la kurudi. Kila agizo la kurudi ni nauli, ni siku ya kibarua iliyopotea, ni jirani mmoja zaidi anayeuliza mnakwenda wapi. Ukichanganya na agizo la kurudi polisi kuandika maelezo, agizo la kurudi kwa mwenyekiti, na tarehe ya mahakama, usishangae chupa ikikutwa imejaa nusu. Wahudumu wenye akili wanampa mama dawa zote, wanachukua namba yake, wanampigia wao. Msichana aliyekwisha vunja ungo anapewa pia kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ambacho kina siku tano. Na aliyechelewa kupita saa 72 bado anapaswa kuja, maana kuna majeraha, kuna magonjwa mengine ya zinaa, kuna vipimo vya kufuatilia.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo, wala hakihitaji bunge. Dozi za watoto zitoke kwenye kabati la CTC linalofungwa Ijumaa na kuwekwa pia mapokezi ya dharura, pale ambapo taa haizimwi. Jedwali la uzito na idadi ya vidonge libandikwe ndani ya mlango wa kabati, ili muuguzi wa zamu ya usiku asilazimike kumwamsha mtu. Vidonge hivi havihitaji friji. Mganga mfawidhi awaandikie watu wake, kwa maandishi na kwa sahihi yake, kwamba hakuna mtoto atakayeulizwa PF3 kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu wengi wanaodai fomu hiyo hawana roho mbaya, wanaogopa kulaumiwa peke yao.

Na polisi, kama wanang'ang'ania kuwa wa kwanza, sina kinyongo. Ila wawe wa kwanza kikamilifu. Huko Copperbelt, Zambia, polisi walifunzwa na wakawapa waliobakwa vidonge vya dharura vya kuzuia mimba papo hapo kituoni, na kazi hiyo waliimudu. Mwaka 2024 WHO ilishauri PEP itolewe hata nje ya hospitali, ndani ya jamii, tena na watu wasio madaktari waliofundishwa. Dawati la Jinsia na Watoto lipewe mizani, jedwali na dozi ya kwanza, mtoto ameze akiwa kaunta, ndipo RB iandikwe. Nimeambiwa pendekezo hilo ni la hatari kwa kuwa askari si mtaalamu wa dawa na vidonge vinaweza kupotea. Vinaweza. Lakini askari huyohuyo ndiye tunayemkabidhi sasa hivi uamuzi wa lini mtoto aonane na daktari, bila mafunzo yoyote, na hakuna anayeuita utaratibu huo wa hatari.